Sura ya Saba: Usiache Sigara kwa Siri

Wavutaji wengi wa kwetu huacha sigara kimyakimya. Mtu anaamka asubuhi, anaamua moyoni mwake, pakiti iliyobaki anamgawia mlinzi wa getini, kisha hamwambii yeyote. Mke haambiwi. Wenzake kazini hawaambiwi. Rafiki anayevuta naye kila jioni ndiye hajui kabisa. Ukimdadisi atakueleza kwamba anaogopa kuchekwa: akitangaza leo, halafu wiki ijayo aonekane na fegi mkononi, atakuwa gumzo la mtaa mzima. Bora anyamaze, ili akishindwa pasiwe na mtu atakayejua kwamba aliwahi kujaribu.

Hofu hiyo naielewa, na sura hii nimeiandika ili kuipinga. Aliyenyamaza amejirahisishia kurudi. Siku ya tatu, arosto inapomkaba, hakuna mtu hata mmoja anayetarajia kumwona akiwa bado hajavuta, na hakuna wa kumpigia simu. Rafiki yake wa jioni, kwa wema tu, anamnyooshea sigara kama alivyofanya jana na juzi. Anaipokea. Yameisha.

Tuangalie kwanza mwili unafanya nini. Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde kumi hivi. Baada ya saa mbili, karibu nusu ya ile iliyoingia kwenye damu imekwisha kuondoka, na mwili unaanza kudai nyingine. Mtu akiacha moja kwa moja, madai hayo hupanda na kufikia kilele siku ya pili na ya tatu. Hasira zinakuwa za karibu, usingizi wa mang'amung'amu, kichwa kinauma, njaa haikatiki, na kazi moja haikaliki kwa nusu saa. Kisha hali inaanza kushuka, na kwa wengi baada ya wiki tatu au nne mwili huwa umetulia. Kinachobaki ni mazoea: kahawa ya asubuhi, foleni ya magari, ile sigara ya baada ya chakula cha mchana, mshahara uliochelewa.

Katika hayo yote, jambo ninaloomba ulishike ni moja. Hamu ya sigara haikai saa nzima. Hata ile kali ya siku ya tatu huja, hupanda, na kwa kawaida hupungua ndani ya dakika chache, uvute usivute. Dakika hizo chache zinatosha simu moja. Zinatosha kutoka ofisini hadi kwa mama ntilie na kurudi ukiwa na mtu wa kuongea naye. Kwa hiyo mtu wa pili ana kazi halisi hapa, na kazi yenyewe ni fupi: kukuvusha dakika hizo, kisha zile nyingine zitakazokuja baada ya saa moja.

Wanaoacha bila msaada wowote, wakitegemea azma yao tu, hawafiki mbali. Tafiti zilizowafuatilia zimeona kwamba kati ya watu 100 wa aina hiyo, ni 3 hadi 5 tu ambao huwa bado hawavuti baada ya miezi sita hadi mwaka mmoja. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na mtandao wa watafiti uitwao Cochrane yaligundua pia kwamba wanaoacha wakiwa ndani ya kikundi chenye mwongozaji wana nafasi karibu maradufu kuliko wanaopewa maandishi wakajisomee. Nayaandika haya nikijua kuwa ulichoshika mkononi ni maandishi. Kitabu hiki peke yake hakitoshi, na ningekudanganya kama ningesema kinatosha.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote katika jambo hili unatoka Framingham, mji ulioko jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Tangu mwaka 1948 madaktari wamekuwa wakiwafuatilia wakazi wa mji huo ili kuelewa maradhi ya moyo. Kila aliyekuja kupimwa aliombwa ataje ndugu zake na rafiki yake wa karibu, kusudi akihama apatikane kwa urahisi. Majina hayo yaliandikwa kwenye karatasi za kumbukumbu na kukaa humo miaka mingi. Watafiti wawili, Nicholas Christakis na James Fowler, ndio walioona thamani yake: kwa karatasi zile mtu angeweza kuchora nani alikuwa karibu na nani, na nani aliacha sigara lini. Walichapisha matokeo yao mwaka 2008 katika jarida la New England Journal of Medicine. Walikuwa wamechunguza watu 12,067, kuanzia mwaka 1971 hadi 2003.

Waliona kwamba watu hawakuacha mmoja mmoja. Waliacha kwa makundi. Familia nzima, au marafiki wa meza moja, walikuwa wakivuta mwaka huu, na miaka michache baadaye wote wameacha. Mume au mke akiacha, uwezekano wa mwenzake kuendelea kuvuta ulipungua kwa asilimia 67. Rafiki akiacha, ulipungua kwa asilimia 36. Ndugu wa kuzaliwa naye, asilimia 25. Katika sehemu ndogo za kazi, mfanyakazi mmoja akiacha, uwezekano huo kwa mwenzake ulipungua kwa asilimia 34. Jirani, ambaye nyumba yake iko hatua chache tu, hakuwa na athari yoyote. Wapo wataalamu waliohoji hesabu hizi, wakisema kwamba watu wanaofanana huchaguana urafiki tangu mwanzo, kwa hiyo si rahisi kujua nani kambadilisha nani. Hoja yao ina uzito. Hata hivyo, hakuna aliyeweza kukanusha picha kubwa, ya kwamba watu huingia na kutoka kwenye sigara wakiwa pamoja na wale wanaowajali.

Mimi hilo la jirani ndilo lililonikaa akilini. Kuonana kila siku hakutoshi. Anayekusaidia ni yule ambaye maneno yake yanakuingia.

Sasa tuje kijiweni, kwa sababu huko ndiko sigara nyingi za kwetu zinakovutwa. Kituo cha bodaboda au gereji ndogo ni mfano halisi wa ile sehemu ndogo ya kazi iliyopimwa Framingham. Saa nne asubuhi abiria wamepungua. Mmoja anatoa sigara mbili, moja anaitia mdomoni na nyingine anamnyooshea aliye karibu, bila hata kumwangalia. Dukani mbele yao sigara zinauzwa moja moja, na kiberiti cha gesi kimefungwa kwa kamba kwenye nondo za dirisha ili kila mteja awashie hapo hapo. Nchini Kenya sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 ilikataza kuuza sigara moja moja, lakini ukitembea mitaani utaziona. Kwa anayeacha, biashara hiyo ni hatari kuliko pakiti nzima, maana shilingi chache za chenji zinatosha kumrudisha alikotoka.

Kumpa mwenzio sigara ni ukarimu, na kwa mila zetu anayekataa alichopewa kwa moyo mweupe huonekana anajitenga au anajiona. Ndiyo maana kukataa papo hapo, sigara ikiwa tayari imenyooshwa, ni kugumu mno. Waambie mapema, mkiwa mmetulia, wala usizunguke: "Jamani, mimi nimeacha tangu Jumatatu. Msinipe, hata nikiomba." Usiyaache maneno hayo ya mwisho, kwa sababu yanawapa wenzako kazi ya kufanya. Kuanzia hapo anayekunyima sigara ndiye anayekufanyia wema, na wengi wataifanya kazi hiyo kwa bidii kuliko unavyodhani. Atakuwepo mmoja atakayekukejeli na kukupulizia moshi usoni. Kwa wiki tatu za mwanzo, badili mahali unapokaa akiwepo. Urafiki wa kweli utakuwepo bado mwili ukishatulia.

Wengi wanaotaka kumsaidia mvutaji wanamwumiza bila kujua, na hapo nataka kukaa kidogo. Mke anayenusa shati kila jioni amegeuka askari, na mume atajifunza kutafuna karafuu kabla ya kuingia ndani. Dada anayetuma picha za mapafu yaliyooza anamweleza kaka yake habari ambayo kaka ameiona kwenye pakiti maelfu ya mara. Baba anayesema "nilijua tu hutaweza" amemvunja mtoto wake zaidi ya ile sigara moja aliyovuta. Masimango hayamwachishi mtu sigara. Yanamfundisha kuvuta kwa kujificha, na anayejificha ndiye mgumu kuliko wote kusaidiwa.

Anayesaidia vizuri huuliza maswali madogo yenye majibu. "Leo saa ngapi ndiyo ilikuwa ngumu?" Akijibiwa kwamba ni baada ya chakula cha mchana, kesho yake anapiga simu saa hiyo hiyo. Anaondoa visahani vya majivu nyumbani na kufua mapazia yaliyoshika harufu. Anahakikisha karanga zipo, machungwa yapo, maji ya kunywa yapo. Anawaeleza watoto kwamba baba atakuwa mkali wiki hii na si kosa lao. Hasira za siku za mwanzo anazichukua kama dalili, jinsi angechukua kutetemeka kwa mwenye homa, na mabishano ya ada na kodi anayaweka kando hadi wiki ya pili. Na kama naye ni mvutaji, hakuna msaada mkubwa anaoweza kuutoa kuliko kuacha siku ile ile.

Nikupe mfano wa simu inayofaa. Mdogo mtu anapiga saa moja jioni.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Vipi, umetulia?"

"Sijatulia. Wenzangu wamewasha hapa, harufu yote inanijia."

"Umekula?"

"Tangu asubuhi sijala."

"Basi ondoka hapo kwanza, nenda kale. Ukimaliza nipigie, nipo."

Basi. Kaka hakuzungumzia saratani wala hakumkumbusha kwamba mwaka jana alishindwa. Alitambua kwamba njaa na hamu ya sigara hushirikiana, akamtoa mdogo wake kwenye moshi, na akaacha kazi ya kupiga tena mikononi mwake.

Swali linalowachosha wasaidizi ni la mzee wa nyumbani, mjomba au babu, anayesema amekwisha kuzeeka na aachwe afe na sigara yake. Mjibuni kwa heshima, na mjibuni kwa hesabu. Mwaka 1951 Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, na miaka 50 baadaye, mwaka 2004, yalichapishwa matokeo ya wanaume 34,439. Aliyeacha akiwa na miaka 30 aliongeza takriban miaka 10 ya kuishi ukimlinganisha na aliyeendelea kuvuta. Aliyeacha akiwa na miaka 40 aliongeza 9, na aliyeacha akiwa na 50 aliongeza 6. Aliyeacha akiwa na miaka 60 bado aliongeza 3. Miaka mitatu inatosha kumwona mjukuu akiingia darasa la kwanza. Mwambieni hivyo, kisha mwulizeni angependa nani awe anamtembelea jioni.

Kwa watu wa pwani, toka Lamu na Mombasa hadi Tanga na Unguja, ushahidi wa nguvu ya watu wengine huja kila mwaka. Ni mwezi wa Ramadhani. Yule aliyekuwa hawezi kukaa saa moja na nusu bila sigara hukaa kutoka alfajiri hadi magharibi, saa kumi na tatu na zaidi, siku baada ya siku. Mwenyewe husema ni imani, na imani ipo. Lakini tazama pia kilichomzunguka. Hakuna anayemnyooshea sigara. Wenzake wote wanasubiri adhana kama yeye. Mji mzima umekubaliana juu ya jambo moja, na makubaliano hayo yanambeba. Kinachosikitisha ni kinachofuata futari. Ameshakula tende, ameshakunywa uji, anatoka barazani na kuwasha, kisha nyingine na nyingine hadi daku. Mwili unajazwa nikotini upya kila usiku, kwa hiyo kila mchana anaanza safari ile ile ya siku ya kwanza. Anayabeba mateso ya kuacha kwa mwezi mzima na haivuki ile siku ya tatu hata mara moja.

Ushauri wangu kwa anayefunga ni kuichagua siku ya kwanza ya mwezi kuwa siku ya kuacha kabisa, mchana na usiku. Awatafute wawili au watatu msikitini wenye nia hiyo, wafuturu pamoja siku zile ngumu, na watoke moja kwa moja kwenda tarawehe badala ya kukaa barazani. Mwezi ukiandama wa mfungo mosi, mwili umekwisha kutulia. Mkristo anaweza kufanya vivyo hivyo na Kwaresima, kwa kuwa siku 40 zinatosha na wenzake parokiani wako kwenye mfungo huo huo.

Ipo pia njia ya fedha. Katika kisiwa cha Mindanao nchini Ufilipino, wachumi Xavier Giné, Dean Karlan na Jonathan Zinman walishirikiana na benki moja kuwapa wavutaji akaunti isiyo na riba. Mvutaji aliweka fedha zake mwenyewe kwa miezi sita, kisha akapimwa mkojo. Usipoonyesha nikotini, alirudishiwa zote. Ukionyesha, fedha zilikwenda kwa wahitaji. Waliokubali kufungua akaunti walikuwa 11 tu kati ya kila 100 walioombwa. Hata hivyo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba kundi zima lililopewa nafasi hiyo, wakiwemo waliokataa, lilifaulu kipimo kwa pointi 3 za asilimia zaidi ya kundi ambalo halikuombwa, na kipimo cha kushtukiza mwishoni mwa mwaka kilikuta faida hiyo bado ipo.

Sisi tuna vikoba, tuna upatu, tuna vyama vya akina mama na vya vijana wa bodaboda. Mwanachama anaweza kumkabidhi mweka hazina hela yake ya sigara kila wiki mbele ya wenzake, kwa masharti waliyoandikiana: baada ya miezi sita anazichukua zote, na akirudia kuvuta zinaingia kwenye mfuko wa rambirambi. Sijasikia kikundi kilicholipima jambo hili, lakini utaratibu wa kuwekeana amana upo, vitabu vipo, na mashahidi hukutana kila wiki.

Kuna wasomaji ambao hawawezi kusimama mbele ya kikundi, hasa wanawake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 nchini Tanzania ulionyesha kuwa asilimia 14.6 ya wanaume wazima na asilimia 3.2 ya wanawake wanatumia tumbaku. Kenya, mwaka 2014, ilikuwa asilimia 19.1 na 4.5. Mwanamke anayevuta kwetu huhukumiwa vikali, kwa hiyo huvutia chooni au uani usiku, na akitaka kuacha hana pa kulisemea. Dada yangu unayesoma haya, kutoacha kwa siri hakumaanishi kuutangazia mtaa. Mtu mmoja anatosha: shoga asiyetoa siri, au mhudumu wa afya ambaye kazi yake ni kukusikiliza bila kukuhukumu. Ukiwa Kenya, namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupigwa bure kwa ushauri kuhusu uraibu. Mwulize mhudumu pia kuhusu plasta na chingamu za nikotini, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Zinapunguza makali ya arosto. Tatizo ni kwamba si kila duka la dawa linaziweka, na bei yake ni kubwa kwa wengi wetu, jambo ambalo serikali zetu zinapaswa kulishughulikia.

Ukianguka je? Wengi waliofanikiwa walijaribu zaidi ya mara moja, na hatari ya kuanguka ni kubwa zaidi wiki ya kwanza. Sigara moja ya msibani au ya harusini ina kawaida ya kuita ya pili, na ya pili ikaita pakiti. Kinachoamua ni unamwambia nani na lini. Mwambie mtu wako siku ile ile, kabla ya kulala. Naye asikupe hotuba. Akuulize tu zilikuwa ngapi, kama kuna zilizobaki, na zitupwe mkiwa bado kwenye simu. Kesho asubuhi mnaendelea na tarehe ile ile mliyoanza nayo.

Basi leo, kabla hujalala, chagua mtu mmoja. Mwambie tarehe yako ya kuacha, mtajie saa zako ngumu, na mweleze unataka afanye nini utakapompigia. Na kama wewe ndiye uliyechaguliwa, weka simu yako chaji wiki hiyo ya kwanza na upokee hata ikiwa ni saa tisa za usiku.